Kimeta: tuogope kwanza ng'ombe aliyekufa mwenyewe

Bwana Mhariri, salamu kwako na kwa wote wanaosoma gazeti hili huku Goma.

Mimi nauza nyama Birere, na naandika ju ya ugonjwa wa kimeta, ule wengi wetu tunauita charbon. Tangu viboko wafe kule mto Ishasha, ndani ya Hifadhi ya Virunga, mwezi wa 4 mwaka 2025 maneno hayajaisha, mteja anafika mezani anaangalia nyama anauliza, mama, hii haina ile sumu ya vita? Kuna audio za WhatsApp zinasema watu walimwaga dawa mtoni ili watumalize. Nimezisikiliza mpaka mwisho na sikubali, lakini siwacheki wanaozituma, ni watu waliochoka na vita, na pia silaha ya kimeta si hadithi, ilishatengenezwa na nchi kubwa.

Wakati wa vita ya pili ya dunia Waingereza waliijaribu kwa kondoo kwenye kisiwa cha Gruinard huko Scotland, mwaka 1942, na kisiwa hicho kilikaa kimefungwa karibu miaka 50 mpaka 1990. Mwaka 2001 Marekani watu walitumiwa barua zenye unga wa kimeta, 5 wakafa na 17 wakaugua. Lakini kisa kilichonishika mimi kama muuza nyama ni cha Sverdlovsk, Urusi ya zamani, mwezi wa 4 mwaka 1979. Watu wasiopungua 66 walikufa, na wakubwa wakasema ni nyama mbovu iliyouzwa kimagendo! Ilikuwa uongo. Kimeta kilikuwa kimetoka kwenye kambi ya jeshi, na mwaka 1992 Rais Boris Yeltsin mwenyewe akakubali kwamba ni jeshi. Wataalamu walipoweka kwenye ramani mahali wale watu walikuwa siku ile, wengi wao wakaangukia kwenye mstari mmoja mwembamba, kule upepo ulikokuwa unaelekea kutoka kambini, na madaktari waliopasua maiti walikuwa wameona ugonjwa umekaa kifuani maana waliuvuta kwa pumzi.

Sasa chukua kipimo hicho ulete Ishasha. Viboko wasiopungua 50 walikufa pamoja na nyati, wengine wakawa wanaelea kwenye mto unaoingia Ziwa Edward, vipimo vikaonyesha kimeta na mkurugenzi wa Hifadhi ya Virunga, Emmanuel de Merode, akatangaza. Hawakufuata mstari wa upepo, walikuwa wanashiriki maji na matope yale yale, na kiboko naye huonekana akila mzoga wa mwenzake. Tena ng'ambo ya mpaka, Uganda, kwenye hifadhi ya Queen Elizabeth, mamia ya viboko walikufa na kimeta hiki hiki kuanzia mwaka 2004, bonde ni lile lile. Mikrobi yake ikikosa mwili inajifunga ndani ya ganda gumu inalala kwenye udongo miaka makumi, mpaka mvua au ukame uitoe na mnyama ale majani pale. Huyu si mgeni aliyeletwa na mtu, anakaa kwetu. (Na viboko hao, jamani, walikuwa zaidi ya 20.000 zamani wakabaki mia chache tu, ndo walikuwa wameanza kuongezeka, inaniuma.)

Kinachonitisha mimi ni kingine. Siku moja asubuhi na mapema kijana alileta nyama toka njia ya Rutshuru, nusu bei, haina muhuri wa veterineri, damu nyeusi nyeusi haijaganda. Nikamuuliza ng'ombe amechinjwa wapi akasema alianguka tu usiku. Nikakataa, akaenda meza zingine, kufika saa tano nyama yote imeisha! Hapo hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza kuhusu sumu ya vita. Sijui kama ilikuwa kimeta, lakini dalili zake ndo zile: mnyama anakufa ghafla, damu inatoka puani na nyuma na haigandi, mwili haukakamai vizuri. Ukiona hivyo usimpasue, ukimpasua mikrobi inapata hewa na kujitengenezea lile ganda, na wa kwanza kuambukizwa ni wewe mwenye kisu. Na usiseme nitachemsha sana, ganda linavumilia moto wa sufuria. Mwite veterineri, mzoga uchomwe au uzikwe ndani sana na chokaa, na wasimchune ngozi.

Kwa mtu mara nyingi kinaanza na kipele kinachowasha, kinavimba, katikati panakuwa peusi kama makaa, ndo jina charbon lilikotoka, kwa Kifaransa ni makaa. Hakiumi, kwa hiyo watu wanakaa nacho nyumbani wanapaka majani. Bila dawa, katika watu 100 wenye kidonda hicho wanaweza kufa 10 mpaka 20, wakipata antibiotiki mapema karibu wote wanapona, na tena zinazotumika ni za kawaida kama penisilini. Ukila nyama yake ugonjwa unaingia tumboni, huo ni mbaya zaidi. Lakini hauambukizi mtu kwa mtu kama mafua, msimkimbie jirani.

Chanjo ya mifugo ipo tangu Pasteur aionyeshe Ufaransa mwaka 1881, ila na vita hii veterineri hafiki kila zizi, na hilo ndo ningependa watu wapigie kelele kwenye audio zao.

Ombi langu kwako Bwana Mhariri, mtoe ukurasa mmoja wenye picha ya kidonda na dalili za mnyama, kwa Kiswahili cha sokoni, na namba ya kupiga mtu akikuta mzoga. Mimi nitaubandika juu ya meza yangu na nitawapelekea wamama wenzangu wa Birere.

Muuza nyama, Birere, Goma