Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, kwa heshima na taadhima tunawakaribisha nyote.

Mheshimiwa, mti uliokupa kivuli uliposhuka garini ni mwarobaini. Zamani matunda yake yakipukutika, wa zamu ya usafi waliyafagia na kuyachoma pamoja na majani. Klabu yetu iliomba yasichomwe.

Ndani ya mbegu zake mna azadirakitini, kinga ambayo mti umejitengenezea dhidi ya wadudu. Mwaka 1959 Mjerumani Heinrich Schmutterer aliwaona nzige nchini Sudan wakila kila jani, mwarobaini wakauacha. Kemikali yenyewe ilitengwa kutoka kwenye mbegu mwaka 1968. Kuiunda maabara kuliwatoa jasho: kikundi cha mwanakemia Steven Ley, wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kilihangaika miaka 22, kikafaulu 2007. Mti hapo nje hufanya kazi hiyo kila msimu, bure. Haiui papo hapo kama dawa za dukani. Humkatisha mdudu hamu ya kula, na kiwavi hushindwa kujivua gamba akue.

Sisi hatuna vifaa vya kuitenga, kwa hiyo tunaloweka. Nusu kilo ya viini vilivyotwangwa, maji lita 10, usiku kucha. Asubuhi tunachuja kwa kipande cha kanga na kutia sabuni ya mche kidogo ili dawa ishike kwenye majani.

Mwaka wa kwanza tuliboronga. Mbegu tulizifunga mbichi kwenye mfuko wa plastiki zikaota ukungu, na zilizosalia tukanyunyizia dawa yake saa sita mchana, kumbe jua huiharibu. Sasa tunaanika kivulini na kunyunyizia saa kumi na moja jioni. Sukuma wiki yetu, iliyokuwa na matundu kama chekecheke, leo utaikuta mezani. Imeoshwa vizuri, usihofu.

Shida yetu kubwa ni kinu. Tuliazima cha jikoni mara moja tu, kisamvu cha kesho yake kikawa chungu shule nzima, na mama mpishi hajatusamehe.

Tunaomba kinu na mchi vyetu wenyewe, turubai mbili, na bomba la mgongoni la kunyunyizia. Hili tunalotumia ni la mzazi mmoja, naye amekaa safu ya pili akilisubiri.

Tunaomba kuwasilisha.