Sindano za sukari mgongoni: wazee waelezwe kwanza

Mhariri,

Ami yangu amepakia boriti na mawe majahazini hapa Lamu tangu ujana wake. Siku hizi akiinuka mkekani hushika ukuta kwa mikono miwili, na kiuno hakinyooki mpaka jua lipande. Majuzi zahanati moja ya kulipia ilimshauri achomwe sindano za maji ya sukari. Alikuwa tayari kumuuza punda wake.

Tiba hiyo ipo, si uzushi. Daktari mpasuaji wa Marekani, George Hackett, aliieneza miaka ya 1950. Deksitrosi, aina ya sukari, hudungwa penye kano ili pavimbe kidogo, mwili uanze kujitengeneza. Lakini utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2004, kwa wagonjwa 110 wenye maumivu sugu ya mgongo, ulionyesha kuwa waliodungwa sukari hawakuwashinda waliodungwa maji ya chumvi. Wote walipata nafuu kiasi. Hilo ami hakuambiwa hata kidogo!

Nawaomba wahudumu wetu: mwambieni mzee haya yote, pamoja na hatari ya sindano karibu na uti wa mgongo, kabla hajampeleka punda sokoni.

Msomaji wako,
Lamu