Shangazi, skuta nimeipata, ila jina kwenye logbuku si la muuzaji

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili. Nauza leso katika duka moja la Barabara ya Biashara hapa Mombasa, na nakaa Kongowea. Mwendo wenyewe si mrefu, kama kilomita tano hivi: unavuka Daraja la Nyali, unapita Buxton, umefika. Lakini Buxton ya asubuhi unaijua. Nusu saa nzima mko palepale, makanga amewapanga kama dagaa, na tajiri wangu habari za msongamano hataki kuzisikia. Nikichukua boda ni Sh150 kwenda na Sh150 kurudi. Kwa siku 26 za kazi ni Sh7,800, karibu nusu ya mshahara wangu. Ndipo nikaamua nami niwe na skuta.

Utaniuliza mbona si pikipiki. Ni buibui, Shangazi. Pikipiki lazima utanue miguu, na mara nyingi mnyororo uko wazi ukingoja upindo wa nguo. Skuta unaweka miguu pamoja mbele kama uliyekaa kitini, na gia haina. Siku hizi nawaona akina mama kadhaa mjini wakienda nazo, buibui limekunjwa vizuri chini ya mapaja, na roho inanituma.

Leseni ya gari ninayo, nikadhani yatosha. Kumbe hiyo ni ya daraja B, na haikuruhusu kupanda cha magurudumu mawili. A1 ni ya vile vidogo visivyozidi cc 50, na ninayoitaka ni ya cc 110, kwa hivyo lazima A2. Nikajiandikisha shule ya udereva, na huko wana pikipiki ya gia tu. Siku ya kwanza niliachia klachi ghafla, ikaruka kama punda aliyechomwa mwiba, nikajikuta nimekaa mchangani na helmeti imenifunika macho. Vijana waliokuwa wakicheza mpira wakasimamisha mechi. Sasa, alhamdulillahi, nazunguka vibao bila kuteremsha mguu. Lakini juzi mwenye shule akaniita kando: "Mama, ya nini kujitesa? Ongeza kidogo, hata siku ya mtihani usije." Nilicheka tu nikaondoka. Hilo sikuulizi, maana upepo wa kusi pale juu ya daraja hautaniuliza leseni niliipataje. Nimekutajia ujue tu tunakopita.

Swali langu ni hili. Akiba yangu ni Sh100,000, na ya mpya dukani haifiki. Jirani mmoja anauza skuta iliyotumika kwa Sh85,000. Nilikwenda na fundi wangu. Akafungua kifuniko cha ubavuni, akanionyesha belti imepasukapasuka kama kisigino cha mtu asiyejipaka mafuta. Hiyo, alisema, ni ya kubadilisha kabla haijaniacha njiani. Injini ilisikika safi. Akafuta vumbi kwa kitambaa, akalinganisha namba ya chasi na iliyo kwenye logbuku, ile hati ya umiliki, zikakubaliana. Ila jina! Jina ni la mtu mwingine kabisa. Jirani anasema aliinunua kwa rafiki yake aliyekwenda Doha kufanya kazi, miaka miwili sasa, na hawakuwahi kubadilisha.

Ninavyojua, kuhamisha umiliki kunaanzia kwa mwenye jina: yeye ndiye anayeingia kwenye akaunti yake ya eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, akaanzisha, kisha mnunuzi anakubali kwa upande wake. Nikamwambia jirani ampigie huyo wa Doha, afanye akiwa hukohuko. Mara simu haipatikani, mara amesahau namba ya siri. Sasa amekuja na shauri la kwenda kwa wakili tuandikiane mkataba wa mauzo, nilipe, nianze kuendesha, jina litakuja baadaye. Nami nawaza: kukitokea ajali, au siku huyo wa Doha akirudi akasema skuta yake iliibwa, karatasi ya wakili itanisimamia?

Kisha kuna kaka yangu. Katika ile akiba, Sh20,000 ni zake, na hilo halipitishi siku mbili bila kulitaja. Yeye anataka tuongeze mkopo wa chama tununue pikipiki ya gia, mimi niende nayo kazini, na yeye jioni na Jumapili abebe abiria. Nimemweleza kwamba kubeba abiria kwa malipo kunataka A3, ambayo hana, na bima yake ni nyingine, si hii ya mtu binafsi. Akanijibu, "Nani atauliza?" Mama naye yuko upande wake, asema damu haigawanywi kwa ajili ya chombo cha moto.

Shangazi, nimrudishie kaka pesa zake kwanza, nibaki na elfu themanini na uhuru wangu? Na huyu jirani, nimpe hata malipo ya awali kumshikia, au nisitoe hata senti mpaka jina libadilike? Anataka jibu Ijumaa. Eti kuna mtu wa Bamburi keshaiona na kuipenda.

Muuza leso,
Kongowea