Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, wachora ramani wenzangu,

Nianze na ngazi za mlimani, maana kuziweka kwenye ramani ndiko kulikotula mwaka. Mabatini na Igogo, hapa kwetu Mwanza, kama mnavyojua, nyumba zimepanda mlima katikati ya mawe. Picha ya setilaiti inaonyesha mabati vizuri sana. Kijia kinachopenya kati ya majabali mawili haikioni. Ukichora duara kuzunguka zahanati kwenye kompyuta, nyumba zote za juu utaziona ziko jirani. Muulize aliyewahi kumteremsha mjamzito usiku kwa kiti cha plastiki, mvua inanyesha.

Tukapanda kwa miguu. Kazi tumeiingiza OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo yeyote anaruhusiwa kuihariri. Simu zilitusumbua: ukisimama ubavuni mwa jiwe, mawimbi ya setilaiti yanakingwa, na kidoti chako kinarukia paa la jirani. Ikabidi tuchapishe picha ya mtaa, tuchore kwa kalamu, jioni mmoja aingize kwenye kompyuta ya chama, ambayo betri yake sasa ni ya kuombewa dua.

Historia ilikuja yenyewe. Tukiuliza njia, wazee wanatuelekeza kwa vitu visivyokuwepo: palipokuwa na mwembe, kilipokuwa kisima. Visima vilivyofukiwa tumevihifadhi kwenye tabaka lake la ramani, peke yake.

Sasa ule mjadala wetu. Baadhi yenu mlitaka kila nyumba iliyopata mgonjwa wa kipindupindu iwekewe alama, mkamtaja daktari John Snow, ambaye mwaka 1854 aliweka vifo vya mtaa wa Soho, London, kwenye ramani na kuonyesha jinsi vilivyoizunguka pampu ya maji ya Broad Street. Hoja ina uzito. Lakini ramani yetu inaonwa na kila mtu, na huku kwetu nyumba ikishatajwa kwa kipindupindu, hata maandazi ya mama huyo hayanunuliwi. Nilikataa na bado nakataa. Hata kule Soho, kilichong'olewa ni mpini wa pampu, si milango ya watu. Sisi tumeweka visima, magati ya maji, vyoo vinavyofurika, na sehemu za ufukweni watoto wanakooga, kwa sababu ya kichocho: vimelea hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi.

Ofisi moja tuliyoiomba orodha ya vituo vya afya imetupiga njoo kesho tangu kabla ya mfungo. Tumevizungukia wenyewe, kimoja kimoja.

Hesabu atasoma mweka hazina. Wadaiwa wa ada sitawataja, wanajijua.

Mwakani tunahamia Kirumba, tukianzia mwaloni. Mje na raba, siyo kandambili. Aliyeteguka kifundo kule Igogo anajua alivyoshushwa, na kiti tulishakirudisha kwa mwenyewe.

Mwenyekiti