MALALAMIKO: KITAKO CHA BUNDUKI .458 KIMEPASUKA SHINGONI NA NYIE MNAKATAA WARANTI

Assalaam alaykum,

Kwa meneja wa mauzo,

Naandika kuhusu ile seti ya kitako, yaani mbao ya bunduki, cha wolnati mliyotuuzia kwa ajili ya bunduki ya .458 Winchester Magnum, mliyoitangaza kua mtu anaimalizia mwenyewe nyumbani. Kitako kimepasuka. Kimepasuka shingoni, pale pa kushika mkono, tena kwa risasi za mwanzo za majaribio, na nyie mmetujibu mistari miwili tu kwamba mbao ni kitu cha asili na kupasuka hakumo kwenye waranti. Jawabu hilo silikubali na naomba msome mpaka mwisho.

Mimi ni fundi seremala, karakana yangu iko Daraja Bovu hapa Unguja, kazi yangu milango na samani, mvule, mninga, msaji na mfenesi vyote vimepita mikononi mwangu tokea niko mdogo nakaa na baba kazini. Bunduki si yangu, ni ya shemeji yangu anaeongoza wawindaji huko bara, leseni anayo na silaha yenyewe inakaa Arusha, haijavuka bahari kuja huku, mambo ya silaha yana sheria yake ya 2015 na shemeji ni mtu wa kufata taratibu. Kilichokuja kwangu ni mbao tu, kwa boti mpaka bandari ya Malindi hapa Unguja, kwasababu nyie wenyewe mliandika kwamba nafasi ya chuma imeshachongwa tayari kwa mtambo wa Mauser 98, yaani chuma cha kati kinachopokea risasi na kufyatua, kilichobaki ni msasa, mafuta, bolti mbili za kupita ubavuni na raba ya bega. Hio ni kazi ya seremala na niliifanya kama inavotakiwa, karatasi yenu niliiweka mezani nikaifata mstari kwa mstari.

Sasa tuje kwenye mbao yenyewe. Kitako cha bunduki nzito nyuzi zake lazima zipite kwa urefu ndani ya shingo, maana hapo ndo pembamba kuliko pote na teke lote la bunduki ikifyatuliwa linapitia hapo kwenda begani. Kwenye hichi chenu nyuzi zinakuja vizuri kutoka mbele, zikifika shingoni zinakata mshazari zinatokezea juu, karibu na mkia wa mtambo, ile ncha yake ya nyuma. Ukikiweka kwenye mwanga wa dirisha unaziona zinavotoka moja moja, na ufa umefata njia hiyo hiyo haukuhama. Alieipasua ile mbao alitaka maua mazuri ya mbao, yaani michoro yake ya asili, yatokee nyuma kwenye bapa la bega ili picha ivutie, na maua kweli ni mazuri sikatai, lakini kwa kuyatafuta maua akaiua shingo. Mtu anaejua mbao hafanyi vile, maua yanakaa nyuma na shingo inaachiwa nyuzi zilizonyooka.

Alafu unyevu. Siku nlipofungua nailoni nilikipima, kipimo kikasoma asilimia 18, nikakitoa hapo nikapima kipande cha mvule kilichokua kwenye shubaka la karakana, hewa ile ile yetu ya pwani ambayo kila mtu anaijua, kikasoma asilimia 14. Yaani mbao yenu iliyoandikwa imekaushwa kwa tanuri ilikua mbichi kuliko mbao inayokaa Zanzibar karibu na bahari. Picha ya kipimo niliwatumia siku hiyo hiyo, mkaniambia hamna neno endelea.

La tatu ndo linaloniuma zaidi. Chini ya mtambo kwa mbele kuna lile jino la chuma linalotakiwa liegemee mbao barabara ndo libebe teke, na nyuma ya mkia wa mtambo panatakiwa paachwe uwazi kidogo, mkia usiguse, maana ukigusa unafanya kazi ya kabari, unapasua. Chenu kilikua kinyume. Fundi bunduki mwenye leseni kule Arusha alipofunga chuma aliona jino halijagusa mbao, karatasi inapita katikati, na mkia umekaza mbao. Shemeji akawaandikia kabla hata ya kufyatua, akauliza je fundi achonge kidogo atie na gundi ya epoksi, mkamjibu asiguse kabisa kwasababu karatasi inasema ukichonga nafasi ya chuma waranti imekufa, eti kitajikalia chenyewe kikipigwa risasi chache. Message hizo zipo. Leo mnatwambia waranti haipo kwasababu kitako kimefungwa nyumbani. Mmeuza kitu cha kufunga nyumbani, mkakataza kukirekebisha, kikapasuka palepale tulipowaonesha, sasa sisi tukamate wapi?

Na naomba mfikirie bunduki hii ni ya kazi gani. Hiyo .458 imetoka 1956 kwa ajili ya nyati na tembo, risasi yake ina gramu 32 hivi, teke lake mtu asiezoea linamtoa pale alipo. Shemeji yangu akisimama na mgeni mbele ya nyati aliejeruhiwa hana kitu kingine cha kumkinga ila ile bunduki. Ufa umetokea kwenye uwanja wa shabaha, alhamdulillahi, ungetokea porini ningekua nawaandikia barua nyengine kabisa, dada yangu ana watoto wadogo.

Ninachotaka ni hichi. Mrejeshe pesa zote za seti, pamoja na gharama ya kusafirisha kuja Unguja na kwenda Arusha, risiti zote nnazo. Sitaki mnitumie kitako chengine kutoka mzigo ule ule. Pia wale wengine mliowauzia mzigo huo kwa bunduki za .458 na .375 wapigieni simu waambieni waangalie nyuzi za shingo na uwazi wa mkia kabla hawajafyatua, hili msilichelewe hata kama langu mtalivuta.

Picha za ufa, za kipimo na maandishi ya fundi wa Arusha nimeambatanisha. Kitako nimekihifadhi karakanani, hakuna aliekigusa tokea kirudi, mkitaka kumtuma mtu wenu aje akione mlango uko wazi kila siku ila Ijumaa mchana.

Fundi seremala,
Daraja Bovu, Unguja