Spinachi imetoa maua kabla hujachuma? Kabla ya kulaumu mbegu, tuambie ulipanda lini

Kila joto linapopanda, sisi wauza mbegu hupokea malalamiko ya aina mbili. Mteja wa kwanza amemaliza pakiti nzima kwenye tuta na haujaota hata mche mmoja. Wa pili zake zimeota vizuri, tena kwa fujo, lakini kabla hajachuma hata fungu la kwanza kila mche umechomoza shina refu katikati, lenye vimaua vya kijani, na majani yamegeuka machungu. Wote wawili wanatamka neno lilelile: mbegu mbovu.

Mbegu mbovu zipo, hatukatai. Ila swali letu la kwanza huwa moja tu, ulipanda lini, na mara nyingi jibu lake linamaliza kesi.

Kwanza tuelewane tunazungumzia mboga ipi. Ile yenye majani makubwa yaliyokunjamana, na ubavu mnene mweupe unaopita katikati ya jani, watu wengi huiita spinachi, lakini ni ndugu wa kiazisukari, jina lake chadi. Hiyo ni mvumilivu, huchumwa miezi mingi na jua haliisumbui sana. Spinachi halisi ni fupi, majani yake laini na ya kijani kibichi sana, na inakua ikiwa imejikusanya karibu na ardhi. Hii ndiyo inayodeka, na ndiyo tunayoieleza hapa.

Spinachi halisi ni mboga ya ubaridi. Inastawi zaidi joto likiwa kati ya nyuzi 15 na 18, na jalidi nyepesi haiiui. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mmea huu unapima urefu wa mchana. Mwanga ukifika saa 13 au 14 kwa siku, unaacha kazi ya majani na kuingia kazi ya maua, na joto likiongezeka juu ya hapo unaharakisha. Mbolea haiurudishi nyuma, wala maji. Kwa hiyo anayepanda wakati siku zinarefuka na jua linakaza anashindana na saa ya mmea wenyewe. Palipo karibu na ikweta mchana hukaribia saa 12 mwaka mzima, hivyo adui anayebaki ni joto, na miinuko yenye ubaridi huipa nafasi nzuri.

Kwa bustani yenye hali ya hewa ya wastani, isiyo na barafu kali, muda wetu wa kwanza ni pale joto la mchana linaposhuka chini ya nyuzi 24 na siku zinaendelea kufupika. Hapo panda kidogo, rudia baada ya wiki mbili, kisha tena. Mistari mitatu mifupi iliyopishana inakulisha muda mrefu kuliko tuta moja kubwa linalokomaa lote kwa pamoja. Mwisho wa baridi unaweza kupanda mara moja zaidi, lakini chagua aina isiyokimbilia maua na usicheleweshe hata wiki, kwa sababu toka kupanda hadi kuchuma ni siku 40 hadi 50.

Sasa yule mteja wa kwanza, ambaye hakuona kitu. Udongo ukizidi nyuzi 30 mbegu nyingi za spinachi hugoma kuota, hata zikiwa nzima kabisa. Karibu nyuzi 20 huchukua kama wiki moja. Kwenye udongo wa baridi sana zinaweza kukaa wiki tatu, kwa hiyo usifukue kuchungulia. Kama huna budi kupanda kukiwa bado na joto, loweka mbegu usiku kucha, zichuje, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu na uziweke kwenye friji siku tano hivi. Zikianza kutoa ncha nyeupe, zipeleke shambani jioni, funika mstari kwa ubao au gunia lenye unyevu, na uliondoe mara tu miche inapotokeza. Tazama pia tarehe kwenye pakiti. Mbegu ya spinachi haizeeki vizuri, na iliyolala kabatini miaka mitatu usiitegemee.

Panda sentimita moja hadi moja na nusu kwenda chini, yaani karibu nusu ya pingili ya kwanza ya kidole cha shahada. Wengi hutuomba miche badala ya mbegu, na sisi huwa wagumu kidogo: spinachi ina mzizi mkuu unaoshuka moja kwa moja, na ukiuvuruga mche hushtuka, na mche ulioshtuka hukimbilia maua. Tukiuza miche tunaiuza ikiwa michanga, kwenye vikasha, ihamishwe na udongo wake.

Kuna kosa moja la palizi linalotuchekesha na kutusikitisha. Majani mawili ya kwanza ya spinachi ni membamba na marefu, hayafanani kabisa na spinachi unayoijua. Ukiyatazama haraka utasema ni nyasi. Tumeona mtu ameng'oa mstari mzima kwa uangalifu mkubwa na kuacha magugu. Subiri jani la tatu, lenye umbo la kijiko. Likishatokeza, punguza miche ibaki na nafasi ya sentimita 8 hadi 15, na iliyotolewa kaile, ni tamu.

Udongo wenye tindikali ndio unaoidumaza kimyakimya. Spinachi inataka pH (kipimo cha tindikali ya udongo) ya 6.5 hadi 7.5, chini ya 6 miche hukaa midogo na kingo za majani kuwa njano, na watu huongeza mbolea wakati kinachotakiwa ni chokaa ya kilimo. Changanya mboji au samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi hapana, hasa kwa mboga utakayoila bila kuipika. Maji yawe ya mara kwa mara, yamwagwe kwenye shina asubuhi. Matandazo husaidia kuweka mizizi kwenye ubaridi.

Kuhusu wadudu, geuza majani. Vijiyai vyeupe vilivyopangwa upande wa chini ni vya nzi ambaye watoto wake huchimba njia ndani ya jani. Viponde kwa kidole, na jani lenye madoa ya rangi ya nyasi kavu litoe ulitupe mbali. Madoa ya njano juu na manyoya ya kijivu chini ni ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu unaopenda majani yaliyobanana na kulowa, na dawa yake ya kweli ni nafasi na aina inayoustahimili.

Chuma majani ya nje, uache moyo wa mche uendelee. Ukiona majani mapya yanachongoka kama ncha ya mshale na katikati panarefuka, usingoje kesho: ng'oa mche wote siku hiyo hiyo, kwa kuwa uchungu uko njiani. Mahali pake panda chadi, itakushikilia hadi joto lipungue.

Na ukija kwetu na malalamiko, beba pakiti, jani moja bichi, na tarehe uliyopanda. Picha ya tuta pia inafaa, ikipigwa mchana, kwa karibu.