Yah: Malalamiko ya Kufutiwa Modeli Nilipokuwa Nasafisha Mchoro Tu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Ofisi ya Afrika Mashariki.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mchambuzi wa mifumo hapa Dar es Salaam. Leseni ya programu yenu ya kuundia modeli nailipia kila mwaka, na huu ni wa nne. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa barua hii itaanzia kwa wakala wenu aliyeniuzia, na pia kwa hasira niliyo nayo Kiingereza kingenichelewesha.

Jumanne iliyopita nilikuwa naandaa mchoro wa klasi (aina za vitu ambavyo mfumo unavitunza, na mahusiano yake) wa mfumo wa mikopo wa SACCOS moja. Mchoro ulikuwa na klasi 41: Mwanachama, Mkopo, Mdhamini, Marejesho, Hisa na nyinginezo. Wajumbe wa bodi hawana haja ya kuona msitu wote huo, kwa hiyo nilitaka zibaki sita tu za kuwaonyesha kesho yake. Nikazizungushia kipanya zile 35, zikawaka ukingo wa buluu, nikabonyeza Delete. Kikachomoza kisanduku kidogo: “Una uhakika?” Nikabofya Ndiyo, maana uhakika nilikuwa nao. Ningejuaje kwamba mimi nazungumzia mchoro, na programu inazungumzia modeli nzima, yaani ghala la klasi ambamo michoro yote inachota?

Naomba mlisome hili taratibu, kwa sababu nimelijaribu mara nyingi tangu siku ile. Ukichagua klasi moja kwenye mchoro na kubonyeza Delete, inaondoka kwenye mchoro tu. Kwenye mti wa mradi, ile orodha ya vyote vilivyomo kwenye modeli, bado ipo. Ukichagua mbili au zaidi, kitufe kilekile, kwa swali lilelile, kinazifuta kwenye modeli. Miaka minne mmenizoesha kitufe hicho kwa kazi moja, kumbe kwenye wingi kina kazi nyingine.

Klasi ya Mkopo ilikuwa kwenye michoro mingine saba. Nilipofungua mchoro wa mfuatano, unaoonyesha hatua kwa hatua maombi ya mkopo, mistari ya maisha, ile ya wima ya kila mshiriki, ilikuwa imening'inia bila jina la klasi. Nikabonyeza Ctrl+Z. Ikarudi klasi moja. Nikabonyeza tena, ikarudi ya pili. Mara 35, Ndugu Meneja. Klasi zikarudi na sifa zake, lakini mahusiano hayakurudi hata moja.

Hapo nikakimbilia chelezo (nakala ya akiba) ya XMI, faili la kuhamishia modeli, niliyoitoa siku tisa nyuma. Kuiingiza tu, programu ikaziona klasi zangu kuwa ngeni na kuzipanga pembeni ya zile vilema, kila jina mara mbili. Sasa ikabidi nizifute zile vilema 41 kwenye mti wa mradi, na huku ndiko nilikotaka kweli kufuta kwa mpigo. Lakini mti wenu hautambui Shift wala Ctrl. Ni kubofya kulia, Futa, Ndiyo. Kubofya kulia, Futa, Ndiyo. Mibofyo 123. Nilipotaka kugusa kidogo ilizoa vyote, nilipotaka kuzoa ikanipa kijiko.

Kazi ya zile siku tisa niliirudia kwa kumbukumbu hadi saa nane usiku. Saa tatu asubuhi nikasimama mbele ya bodi na mchoro wenye mapengo. Mama mmoja, mhasibu wa chama, akavaa miwani na kuuliza: “Mdhamini anafungwa wapi na mkopo?” Ule mstari nilikuwa nimeusahau. Na mchoro mzima ulichorwa ili kujibu swali hilohilo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tofauti hii ninyi mnaijua kuliko mimi. UML, lugha ya kuchorea mifumo, imekuwa kiwango cha OMG, shirika la viwango vya programu, tangu 1997, na almasi zake, alama za kuunganisha kizima na sehemu zake, kila mwanafunzi anazikariri: nyeusi, kizima kikifa na sehemu zake zinakufa, nyeupe, sehemu zinabaki hai. Mchoro haumiliki klasi kwa almasi nyeusi. Unaionyesha tu, kama picha ya harusi inavyomwonyesha shangazi. Ukimkata kwenye picha, hajafa.

Nilipopiga simu, kijana wenu alinijibu kwa upole kwamba ndivyo programu ilivyoundwa, nitumie amri ya “Ondoa kwenye mchoro”. Nikaijaribu tukiwa bado hewani. Amri hiyo inafifia mara tu unapochagua kitu cha pili. Akanyamaza kidogo, kisha akasema atawauliza wenzake. Sina ugomvi naye.

Ninachoomba ni kwamba Delete kwenye mchoro iondoe kwenye mchoro, iwe kitu kimoja au mia. Kufuta kwenye modeli kuwe na amri yake, na kisanduku chake kitaje idadi ya vitu na michoro mingine itakayoguswa; “Una uhakika?” peke yake ni swali la mlinzi aliyesinzia. Kufuta kwa mara moja kutenduliwe kwa mara moja, pamoja na mahusiano. Mti wa mradi nao ukubali kuchagua vingi. Kwa usiku nilioupoteza, naona ni haki mniongezee mwezi mmoja kwenye leseni.

Leseni yangu inaisha baada ya wiki tatu. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, sitailipia tena. Modeli zangu nimeshaanza kuzihamisha.

Nimeambatanisha faili la modeli kabla na baada ya tukio, pamoja na video ya dakika mbili inayoonyesha amri ile ikififia.

Nawasilisha.

Mteja wenu,
Mchambuzi wa mifumo, Dar es Salaam.